Taka za Kizuka: usimamizi utangulie dampo la kisasa

Anayesafiri kutoka Bujumbura kuelekea kusini kwa barabara ya RN3 huwa na ziwa upande wa kulia na milima upande wa kushoto karibu safari nzima. Kizuka, zoni ya komine ya Rumonge, imo katika ukanda huo mwembamba wa michikichi, mashamba ya mihogo, mialo ya ndagala na mikeke, na nyumba zinazoongezeka mwaka hadi mwaka. Jambo moja linaonekana hata kwa mgeni: hapa kila kitu huteremka. Mvua ikinyesha milimani, maji hushuka kwa mito na makorongo, hupita kwenye makazi na kuingia Ziwa Tanganyika. Pamoja nayo huteremka chochote kilichoachwa njiani.

Kwa miaka mingi suala la taka katika miji midogo ya mwambao halikuonekana kuwa kubwa. Maganda ya ndizi na mihogo yalirudi shambani, makapi ya chikichi yalichochewa moto, na kilichobaki kilikuwa kidogo. Hali hiyo imebadilika. Bidhaa za dukani huja zikiwa zimefungwa kwa plastiki. Chupa za maji, betri za tochi, simu zilizokufa na nepi za watoto hutupwa pamoja na maganda. Burundi ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2018, ikitoa muda wa miezi 18 wa kujiandaa. Hatua hiyo ilikuwa njema, lakini kuzuia mifuko hakuondoi betri, nguo chakavu wala mabaki ya sokoni.

Kila Jumamosi asubuhi wananchi wa Burundi hutoka kufanya kazi za jamii. Hufagia, hufyeka na kuzibua mitaro. Kazi hiyo ni ya kupongezwa. Hata hivyo, kuna swali ambalo haiwezi kulijibu peke yake: rundo lililokusanywa Jumamosi linapelekwa wapi, na ni nani anayeliangalia siku ya Jumatatu?

Swali hilo lina uzito wa pekee kando ya ziwa hili. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofikia takriban mita 1,470. Lina mto mmoja tu unaoyatoa maji yake, Lukuga, karibu na Kalemie nchini Kongo. Sehemu kubwa ya maji yanayopotea ziwani huondoka kwa mvuke, na mvuke huacha uchafu nyuma. Maji yanayoingia leo huweza kukaa humo mamia ya miaka. Mto uliochafuliwa huweza kujisafisha baada ya misimu michache, lakini ziwa la namna hii halina nafasi hiyo. Na humo ndimo Bujumbura inamochota sehemu kubwa ya maji yake ya kunywa, ndimo wakazi wengi wa mwambao wanamochota kwa ndoo, na ndimo wanamopata kitoweo. Katika wilaya za mwambao ambako kipindupindu kimekuwa kikirudi mara kwa mara, taka zinazoziba mitaro na kukaribisha inzi si suala la sura ya mji tu.

Kila suala hili linapozungumzwa, jibu linalosikika ni lile lile: fedha za kujenga dampo la kisasa hazijapatikana. Jibu hilo ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Linafanya watu waamini kwamba tatizo ni ukosefu wa jengo, na kwamba siku mfadhili atakapokuja na ramani na matingatinga, taka zitakuwa zimepata mwenyewe. Historia ya kanda hii inaonyesha vingine. Dampo ni kazi ya kila siku kabla ya kuwa mahali, na mji usioweza kuendesha jalala la kawaida hautaweza kuendesha dampo la kisasa hata ukijengewa bure.

Ushahidi wa karibu zaidi ni Kiteezi, kaskazini mwa Kampala. Kiteezi halikuanza kama jalala la hovyo. Lilijengwa mwaka 1996 kwa msaada wa Benki ya Dunia, likiwa dampo la kisasa la mji mkuu wa Uganda. Miaka ilipita, jiji likakua, taka zikazidi uwezo wa eneo, na tahadhari zikatolewa kwamba limejaa. Malori hayakuacha kupanda. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima huo wa taka uliporomoka juu ya nyumba zilizokuwa chini yake. Watu zaidi ya 30 walikufa. Mwezi uliofuata wakuu wa mamlaka ya jiji walifukuzwa kazi, lakini waliofukiwa hawakurudi.

Addis Ababa ilikuwa imeonja msiba wa aina hiyo miaka saba kabla. Tarehe 11 Machi 2017, jalala la Koshe, lililotumika kwa takriban nusu karne, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 110, wengi wao wakiwa watu maskini waliojenga vibanda pembeni yake. Jijini Nairobi, jalala la Dandora lililofunguliwa mwaka 1975 lilitangazwa kujaa mwaka 2001, na limeendelea kupokea taka miaka mingi baada ya tangazo hilo. Utafiti wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira uliotolewa mwaka 2007 ulipima watoto 328 wanaoishi au kusoma karibu nalo, na nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kinachokubalika kimataifa.

Miji hiyo ni mikubwa mno kulinganishwa na Kizuka, na mtu anaweza kusema mfano haufanani. Lakini hakuna hata mmoja kati ya milima hiyo ya taka uliozaliwa ukiwa mlima. Yote ilianza kama shimo au bonde lililoonekana halina kazi, ambalo halikuwa na mtu wa kulisimamia. Tofauti kati ya mji mdogo na mji mkubwa ni kwamba mji mdogo bado una nafasi ya kurekebisha kwa gharama ndogo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Ni nini basi kinachoweza kufanywa sasa, kabla ya mfadhili yeyote? Cha kwanza ni kukubali kwamba sehemu moja, iliyotajwa na kujulikana, ndiyo jalala, na kwamba makorongo, kingo za mito na ufuko si majalala. Sehemu hiyo iwekewe uzio, hata wa miti na miiba, lango moja, na mlinzi mwenye daftari. Mlinzi aandike kila mzigo unaoingia: siku, mkokoteni au lori, na umetoka wapi. Mji usiojua unatupa kiasi gani hauwezi kupanga chochote, wala hauwezi kumshawishi mfadhili kwa takwimu za kubahatisha.

Cha pili ni kutupa kwa mpangilio. Badala ya kumwaga kila mahali, taka zimwagwe kwenye kipande kimoja kidogo kwa wakati mmoja, zisambazwe kwa tabaka nyembamba, zishindiliwe, kisha zifunikwe kwa udongo. Katika dampo la kisasa ufunikaji hufanywa kila siku kwa tabaka la sentimita zipatazo 15. Jalala dogo lisilo na tingatinga linaweza kuanza kwa kufunika mara moja kwa wiki kwa majembe, mabeleshi na kokoteni. Udongo huo huzuia inzi, panya, harufu na moto. Miteremko ya rundo isiwe mikali. Kanuni inayotumika sana ni kutopanda zaidi ya mita moja kwa kila mita tatu za upana.

Cha tatu, na katika ardhi ya mteremko kama ya Rumonge ndicho muhimu kuliko vyote, ni maji. Mtaro uchimbwe upande wa juu wa jalala ili maji ya mvua yanayotoka mlimani yazunguke, yasipite ndani ya taka. Maji yakipita ndani ya taka hutoka upande wa chini yakiwa meusi, yamebeba vijidudu, chumvi na madini. Kwa upande wa chini, bwawa dogo lililotandikwa udongo wa mfinyanzi linaweza kuyakusanya yasikimbilie mtoni. Mtaro wa juu na bwawa la chini ni kazi ya mikono. Jumamosi chache za kazi za jamii, zikiongozwa na fundi anayejua vipimo, zinatosha kuanza.

Cha nne ni kukomesha moto. Kuchoma taka huonekana kama njia rahisi ya kupunguza rundo, lakini plastiki inayoungua hutoa moshi wenye sumu unaovutwa na watoto na kutua juu ya samaki walioanikwa. Moto ukiingia ndani ya rundo, huweza kufukuta kwa miezi.

Cha tano ni kupunguza kinachofika hapo. Katika miji ya Afrika Mashariki, zaidi ya nusu ya uzito wa taka za nyumbani na sokoni kwa kawaida ni vitu vinavyooza. Hesabu ya mfano inaonyesha maana yake. Mji wa watu 30,000, kila mmoja akitupa nusu kilo kwa siku, hutoa tani 15 kwa siku, yaani karibu tani 5,500 kwa mwaka. Ikiwa asilimia 60 ni maganda, majani na mabaki ya chakula, na vyote vikageuzwa mboji, jalalani zitafika tani 6 badala ya 15. Eneo ambalo lingejaa kwa miaka 10 huweza, kwa hesabu hiyo, kudumu miaka 25. Kwa kweli si vyote vitatenganishwa, lakini hata nusu ya mafanikio hayo ni miaka mingi ya ardhi iliyookolewa. Na mwambao wenye mashamba ya michikichi, migomba na mboga hauwezi kusema mboji haina mnunuzi.

Kazi hiyo ya kutenganisha tayari ina wafanyakazi wake. Katika majalala ya kanda nzima, wanawake, vijana na hata watoto huishi kwa kuokota chupa, vyuma na plastiki. Mara nyingi hufukuzwa pale mji unapoamua kuwa wa kisasa. Ni busara zaidi kuwaandikisha, kuwapa glavu na viatu, kuwatengea saa na sehemu ya kufanyia kazi mbali na magari, na kuwaondoa watoto kwa kuwarudisha shuleni badala ya kuwapiga. Kila kilo wanayookota ni kilo ambayo komine haikulipa kuifukia.

Hatua hizi zote hazitoshi kwa siku zijazo. Zinanunua muda, na muda huo utumike kupanga dampo halisi. Hapo ndipo ugumu wa Kizuka unapojitokeza, kwa sababu ardhi inayofaa ni chache. Dampo la kisasa linataka sakafu ya udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa au turubai maalumu la plastiki, mabomba ya kukusanya maji machafu, njia za kutolea gesi, na sakafu iliyo juu ya kiwango cha juu kabisa cha maji ya ardhini. Linatakiwa kuwa mbali na nyumba, visima, mito na ziwa kwa mamia ya mita. Wakati huo huo lisiwe mbali kiasi kwamba lori litamaliza mafuta njiani na dereva kushawishika kumwaga mzigo korongoni.

Uwanda wa ufukweni ndio unaofikika kwa urahisi, na ndio usiofaa. Ziwa lenyewe limetoa onyo. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji yalipanda na kufurika nyumba, barabara na mialo, Gatumba na Rumonge upande wa Burundi, na vilevile Uvira na Kalemie upande wa Kongo. Jalala lililoko katika eneo la mafuriko litakuwa ndani ya ziwa siku ziwa litakapolifuata. Kwa hiyo macho hayana budi kuelekea upande wa milima, kwenye mabonde makavu yenye udongo mzito, ambako mmomonyoko na maporomoko nayo yapimwe kabla ya kuamua.

Lakini ardhi ya upande huo haina ukimya. Rumonge inabeba kumbukumbu ya 1972, pale umwagaji damu ulipowakimbiza maelfu ya watu kwenda Tanzania, na mashamba yao, yakiwamo ya michikichi, yakapewa wengine. Waliporudi miaka mingi baadaye walikuta familia nyingine zikivuna. Tume ya kitaifa ya ardhi na mali nyingine, iliyoundwa mwaka 2006, ilikuta katika mwambao huu baadhi ya migogoro migumu kuliko yote. Katika mahali kama hapo, hekta chache zinazochukuliwa kimyakimya kwa ajili ya taka zinaweza kuwasha moto mkubwa kuliko moto wa jalala. Aliyepoteza shamba la baba yake mara moja hatakubali kulipoteza mara ya pili kwa ajili ya maganda ya wengine.

Ndiyo maana uchaguzi wa eneo ufanywe hadharani. Yapendekezwe maeneo matatu au manne, si moja lililokwisha kuamuliwa. Vigezo vya udongo, maji, umbali na umiliki vielezwe kwa Kirundi na Kiswahili katika mikutano ya vilima, si kwa Kifaransa katika ripoti ya kabatini. Hati za ardhi zichunguzwe mpaka kabla ya 1972. Mwenye ardhi alipwe kwanza, ndipo tingatinga liingie. Na jirani wa dampo apate manufaa yanayoonekana: barabara, maji ya bomba, nafasi za kwanza za ajira, na haki ya kuingia na kukagua daftari.

Anayedhani utaratibu huo ni wa kupoteza muda aitazame Dar es Salaam. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, wakiongozwa na Joseph Kessy, walilishtaki jiji kwa sababu ya jalala lililokuwa likiwafukizia moshi na harufu. Mahakama Kuu iliwapa haki na kuliamuru jiji liache kumwaga taka hapo. Jiji lilivutana na amri hiyo, likiomba muda zaidi, kisha likahamia Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakashtaki, na mwaka 1991 wakashinda. Taka zikazunguka tena, Vingunguti, Mtoni, mpaka Pugu Kinyamwezi. Jiji lililokimbia kuwauliza wananchi mwanzoni lilijikuta likijibu mahakamani mwishoni, na kila kuhama kuliligharimu upya.

Ng'ambo ya ziwa kuna somo la pili. Manispaa ya Kigoma Ujiji ilikuwa mojawapo ya miji saba ya Tanzania iliyoingizwa katika mradi wa miji mkakati uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mradi ambao pamoja na barabara na mifereji ulihusisha ujenzi wa madampo ya kisasa. Yaliyofanikiwa na yaliyoshindikana katika miji hiyo yanafahamika kwa wahandisi na maofisa afya wake. Ofisa wa Rumonge angejifunza kwao mengi kuliko kwenye semina ya mbali. Safari yake ni fupi na lugha ni moja.

Hapo ndipo jumuiya inapopaswa kuonekana. Nchi nne zinazolizunguka ziwa, Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia, zilitia saini mkataba wa usimamizi endelevu wa Ziwa Tanganyika jijini Dar es Salaam mwezi Juni 2003, na mamlaka ya ziwa ina makao yake Bujumbura. Tatu kati ya nchi hizo ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba unazitaka nchi kuzuia uchafuzi, lakini mfereji wa Kizuka, wa Uvira au wa Kigoma haujui mkataba. Mamlaka hiyo inaweza kuweka kiwango kimoja cha chini kwa kila mji wa mwambao: jalala moja lililotajwa, umbali maalumu kutoka majini, mtaro, kifuniko cha udongo, daftari, na ripoti ya kila mwaka inayowekwa wazi ili miji ilinganishwe.

Wavuvi wameshadaiwa kujinyima kwa ajili ya ziwa. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane, katika utaratibu uliokubaliwa na nchi za ziwa. Familia zisizo na akiba zilivumilia. Si haki mvuvi atundike nyavu zake miezi mitatu huku miji ikiendelea kuteremshia taka kwenye mazalia yale yale. Kama mnyonge amewekewa kalenda, na halmashauri nazo ziwekewe yake.

Rumonge imo katika kipindi kizuri cha kuanza. Mageuzi ya utawala ya 2025 yameipanua komine na kuiweka katika mkoa mpya wa Burunga, na barabara ya Gitaza hadi Rumonge imeingizwa katika mradi mmoja wa kikanda na ile ya Kabingo, Kasulu na Manyovu upande wa Tanzania. Barabara nzuri italeta biashara, na biashara italeta taka. Bajeti ya kwanza ya komine mpya iwe na mstari wa usimamizi wa taka, wenye mshahara wa mlinzi, mafuta ya gari na udongo wa kufunikia. Mstari huo ukikosekana, hata dampo la kisasa litakalokuja litakuwa Kiteezi nyingine inayosubiri mvua.

Kizuka haihitaji kusubiri. Uzio, mtaro, daftari na mlinzi vinaweza kuwepo kabla ya masika yajayo. Mikutano ya kuchagua ardhi inaweza kuanza mwaka huu, wakati ardhi bado ipo na hasira bado haijapanda. Mwenye uwezo wa kuitisha mikutano hiyo ni msimamizi wa komine, na mwenye haki ya kumuuliza ameiitisha lini ni kila anayechota maji ziwani.